Leja Kabla ya Cheo

Mwaka 1996 bajeti ya afya ya Morogoro Vijijini ilikuwa imepangwa kama bajeti nyingi za wilaya zilivyopangwa enzi hizo: kila fungu lilipata karibu kilekile lilichopata mwaka uliotangulia, na fungu lenye mfadhili wake lilipata zaidi. Kisha wakaja watu wa baiskeli. Walipita kijiji hadi kijiji, kaya hadi kaya, huko Morogoro na kule Rufiji, wakiuliza swali ambalo si rahisi kumuuliza mtu mlangoni kwake: tangu tulipopita mara ya mwisho, nani amefariki hapa, na aliumwaje kabla ya kufa? Waliojibu walikuwa mama, shangazi na bibi waliouguza. Wengi wa marehemu walifia nyumbani, hawakuwahi kuandikwa katika rejista ya hospitali yoyote. Sasa vifo vyao vikaingia katika hesabu za wilaya.

Majibu yalipojumlishwa na kuwekwa sambamba na bajeti, mambo mawili yaligongana. Malaria ilikuwa inachukua takriban asilimia 30 ya miaka yote ya uhai iliyopotea, lakini ilitengewa takriban asilimia 5 ya fedha. Kifua kikuu kilitengewa asilimia 22, ilhali mzigo wake haukufika asilimia 4. Bajeti ilikuwa imefuata mazoea, na mazoea hayakuwa na macho ya kuona mtoto anayekufa kwa homa Kisaki au Ikwiriri.

Mradi uliofanya kazi hiyo uliitwa TEHIP kwa kifupi. Uliendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Timu za afya za wilaya hizo mbili ziliahidiwa nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, kwa sharti kwamba matumizi yafuate mzigo halisi wa magonjwa. Mwishowe wilaya ziliweza kutumia takriban senti 80 tu za nyongeza hiyo kwa kila mtu. Kwa senti hizo walinunua dawa zilizokuwa zinakosekana, wakawafundisha watumishi utaratibu wa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya kutibu homa peke yake na kuharisha peke yake, wakavipa vituo vya afya jukumu la kusimamia zahanati zilizo jirani kwa kutumia pikipiki na redio za mawasiliano, ili mganga wa wilaya asiwe peke yake anayekimbizana na barabara za mafuriko. Katika miaka iliyofuata vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Senti 80 hazikufanya yote hayo peke yake, kwa maana vyandarua pia vilikuwa vikienea. Hata hivyo, jambo moja halikuwa na ubishi: kada ileile ya watumishi, katika majengo yaleyale, ilitoa matokeo tofauti kwa sababu uongozi ulianza kupanga kwa kuangalia hesabu.

Ninaanza na Rufiji na Morogoro kwa sababu vijana wa kada za afya wanaonifuata kuuliza namna ya kuwa kiongozi, au kufungua kampuni ya ushauri, huanza karibu wote na swali la shahada. Nisome MBA au nisome afya ya jamii? Nisome Nairobi, Mzumbe au Ulaya? Swali ni halali, na nitalijibu. Ila lina mahali pake, na mahali pake si mwanzo. Waliobadilisha hali Rufiji walikuwa waganga wa wilaya, wauguzi, wahasibu na maofisa mipango ambao tayari walikuwa wanaijua stoo yao na vijiji vyao. Walipopewa chati yenye rangi iliyoonyesha ugonjwa upi unaua wangapi na fedha ngapi zinakwenda wapi, waliweza kuisoma na kuifanyia kazi kwa sababu walikuwa na majukumu mikononi. Wawili kati ya Watanzania waliokuwa ndani ya mradi huo, Harun Kasale na Conrad Mbuya, waliandika kitabu juu yake mwaka 2004 pamoja na Don de Savigny na Graham Reid, na kitabu hicho kimesomwa na wapanga sera wa nchi nyingi. Ushauri wao ulitoka wilayani ukaenda duniani. Hiyo ndiyo njia ninayoitetea katika sura hii.

Kazi ya kwanza ya uongozi wa afya, ile inayomjenga mtu kuliko zote, ni ya mganga mfawidhi wa kituo kidogo. Haina gari wala katibu muhtasi. Mara nyingi haina hata posho ya maana. Lakini tangu mwaka wa fedha 2017/18, Serikali ya Tanzania ilipoanza kupeleka fedha za mfuko wa pamoja wa afya moja kwa moja katika akaunti za benki za vituo, mganga mfawidhi wa zahanati amekuwa meneja kwa maana kamili. Ana akaunti, ana mpango wa mwaka, ana kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa kijiji wanaoidhinisha matumizi, ana mfumo wa kuandikia mapato na matumizi, na anakaguliwa. Zamani fedha ziliishia halmashauri na kituo kikapelekewa vitu; sasa anayekosea hesabu ni yeye, na anayeweza kuikarabati zahanati ikapendeza ni yeye.

Wengi huichukulia sehemu hii ya kazi kuwa usumbufu unaowatoa kwa wagonjwa. Nawaelewa, hasa palipo na mtumishi mmoja au wawili. Lakini naomba nikuonyeshe kilichomo ndani ya makaratasi hayo, kwa mfano mmoja.

Chukua mwezi mmoja wa zahanati ya kijijini. Rejista ya wagonjwa wa nje inaonyesha, tuseme, waliopimwa malaria kwa kipimo cha haraka ni 180, na waliokutwa na vimelea ni 60. Fungua leja ya dawa: dozi za dawa mseto zilizotoka stoo mwezi huohuo ni 140. Dozi 80 zimekwenda wapi? Mtu asiye na uzoefu atasema zimeibwa, ataita polisi au atanyamaza kwa woga. Aliyewahi kukaa kwenye kiti hicho anajua zipo njia nyingi. Huenda wagonjwa ambao kipimo hakikuonyesha malaria walipewa dawa kwa sababu walikuja juu, au kwa sababu mtoa huduma hakiamini kipimo. Huenda zahanati jirani iliishiwa ikaazimwa dozi bila fomu. Huenda wagonjwa wa usiku walitibiwa na hawakuandikwa. Huenda kweli zimeibwa. Kila sababu ina dawa yake: ya kwanza inahitaji kukaa na watumishi na kuzungumza nao kuhusu vipimo, ya pili inahitaji fomu na simu moja kwa mfamasia wa wilaya, ya tatu inahitaji rejista ihamie chumba cha zamu. Ukikosea sababu, utaadhibu watu wasio na hatia na dozi zitaendelea kupotea.

Zoezi hilo dogo, la kulinganisha vitabu viwili ambavyo kwa kawaida hulala kwenye makabati mawili, ndilo kiini cha kazi nzima ya ushauri wa biashara ya afya. Kampuni kubwa zinalifanya kwa kompyuta na mamilioni ya takwimu. Kinachobadilika ni ukubwa. Anayeweza kulifanya kwa kalamu, kisha akaketi na kamati akaeleza alichokiona bila kumdhalilisha mtu, ameshapata nusu ya taaluma.

Nusu nyingine ni kamati yenyewe. Wajumbe wake ni mkulima, mama muuza duka, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kitongoji. Mmoja atauliza, “Dokta, hela ya bima imeingia shilingi ngapi, na mbona kitanda cha kujifungulia bado kibovu?” Swali hilo ni gumu kuliko maswali mengi utakayoulizwa baadaye na wakurugenzi wenye suti, kwa sababu aliyeuliza ana binti mjamzito. Jibu kwa namba, jibu kwa lugha anayoielewa, na kama hujui mwambie, “Mzee wangu, nitakuletea jibu kikao kijacho,” kisha ulilete. Sifa ya kiongozi wa afya huanzia hapo, na huenea kwa midomo kabla ya kufika kwenye wasifu wako wa kazi.

Ukipanda hadi hospitali, mambo yanaongezeka lakini misingi haibadiliki. Jambo jipya ambalo lazima ulijue ni madai ya bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, na kwa hospitali nyingi za Tanzania, za mashirika ya dini na za binafsi zaidi, fedha za bima ndizo zinazolipa mishahara. Hospitali inatibu leo, inadai mwisho wa mwezi, inalipwa baadaye, na inalipwa pungufu. Upungufu huo unaitwa makato, na sehemu yake kubwa haitokani na ubaya wa mtu. Daktari ameandika dawa ya presha lakini kwenye ugonjwa ameandika kichomi peke yake. Sahihi ya mgonjwa haipo. Kipimo kimefanyika, jibu halikuambatishwa. Fuatilia mafaili ya wiki moja, kutoka dirisha la mapokezi hadi chumba cha madai, ukae na kila anayeligusa faili, na utagundua fedha zinavuja mahali ambapo hakuna mkurugenzi aliyewahi kukaa. Muuguzi au tabibu anayeweza kuifanya kazi hiyo na kupunguza makato ya hospitali yake ana kitu cha kuuza sokoni, hata kama hana shahada ya pili.

Sasa shahada. Soma, tena soma ukiwa tayari umeshaongoza kitu, hata kiwe wodi. Chuo Kikuu Mzumbe kina masomo ya uendeshaji wa mifumo ya afya, chuo kikuu cha afya cha MUHAS kina afya ya jamii, chuo cha CEDHA cha Arusha kimewapitisha maofisa wengi wa afya kwenye mafunzo ya uongozi na ualimu, na Strathmore ya Nairobi ina MBA ya usimamizi wa huduma za afya. Mwanafunzi aliyewahi kukaguliwa kituoni kwake anasoma somo la uhasibu kwa macho mengine kabisa. Anajua kwa nini daftari la mapokezi ya fedha lina nakala tatu. Asiyewahi kukaguliwa hukariri. Uhasibu wa msingi ndio somo ambalo watu wa afya hulikwepa, na ndilo ninalowasihi walisome hata kwa cheti cha jioni.

Kenya imefungua mlango ambao Watanzania wanapaswa kuutazama kwa makini. Katiba ya 2010 ilihamishia sehemu kubwa ya huduma za afya kwa kaunti 47, na serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zilihitaji mara moja mawaziri wa afya wa kaunti, maofisa wakuu, wakurugenzi wa hospitali na wapanga bajeti. Nchi iliyokuwa inaendesha afya kutoka Nairobi ikawa na wizara ndogo 47. Madaktari na wauguzi waliokuwa wanajua hesabu walipanda haraka. Waliokuwa wanajua tiba peke yake walijikuta katika vikao vya bunge la kaunti wakitetea bajeti ambazo hawakuziandaa. Mwaka 2023 ikaja sheria ya kuziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yao na kuyatumia, na hapo tena hitaji la watu wanaojua kuendesha hospitali likaongezeka. Nafasi za uongozi hufunguka hivyo, kwa sheria inayobadilika ghafla, na humkuta aliyekwisha kujiandaa.

Nimesema neno ushauri mara kadhaa. Mshauri elekezi wa afya anauza nini hasa? Nitatoa mifano mitatu ya Tanzania, kwa sababu inaeleza vizuri kuliko maelezo ya jumla.

Wa kwanza ni wa Bohari ya Dawa, MSD, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kwa miaka mingi dawa zilifika ngazi ya wilaya kisha zikasubiri: wilaya itafute gari, gari litafute mafuta, na zahanati ya mwisho ya barabara ipate kilichobaki. Kuanzia 2010, MSD ilipokuwa inaingia katika utaratibu wa kupeleka dawa moja kwa moja hadi vituoni, vituo zaidi ya 5,000, ilipata wataalamu wa usambazaji kutoka Coca-Cola, pamoja na washauri wa Accenture na msaada wa Global Fund. Hoja iliyowaleta pamoja ilikuwa wazi kwa kila mtu aliyewahi kusafiri nchi hii: soda inafika kijiji ambacho dawa haifiki. Waliouza ushauri pale hawakuwa madaktari. Walijua namna ya kupanga njia za magari, kukadiria mahitaji na kugawa maeneo. Mshauri anaweza kutoka fani nyingine kabisa, alimradi aoanishe ujuzi wake na mtu anayejua zahanati inafungwa saa ngapi.

Wa pili ni wa simu za mkononi. Kati ya 2009 na 2010, Wizara ya Afya pamoja na Novartis, Vodafone na IBM walijaribu katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini utaratibu wa kutuma ujumbe mfupi kila wiki kwa mtumishi wa kituo kumuuliza amebakiwa na dawa ngapi za malaria. Alijibu kwa simu yake mwenyewe, na akijibu kwa wakati alipata muda wa maongezi. Taarifa zikamfikia mganga mkuu wa wilaya, naye akajua nani ana ziada na nani ameishiwa, akahamisha. Vituo vilikuwa 129, majaribio yakachukua wiki 21. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikosa angalau aina moja ya dawa ya malaria; wiki ya mwisho ilikuwa asilimia 26. Dawa nyingi zilikuwepo wilayani, ila mahali pasipostahili. Angalia kilichofanywa: hakuna jengo, hakuna mtambo mpya, ujumbe wa simu na zawadi ya vocha. Mshauri mzuri hutafuta kwanza kitu ambacho watu wanacho tayari mkononi.

Wa tatu naupenda kuliko yote kwa sababu ulizaliwa ndani. Dodoma, mwaka 2014, chini ya mradi uliosaidiwa na Uswisi, vituo vya mkoa mzima vilikubaliana kuunganisha manunuzi ya dawa ambazo MSD imekosa. Badala ya kila mganga kwenda duka lake na kununua kwa bei ya rejareja, mkoa ulishindanisha wauzaji binafsi na kumpata mmoja, anayeitwa mshitiri. Bei zikajulikana mapema, ubora ukakaguliwa, na vituo vikalipa kutoka mapato yao ya bima na uchangiaji. Utaratibu huo, Jazia, ulienda Morogoro na Shinyanga, na mwaka 2018 ukasambazwa nchi nzima. Ni biashara, ni uongozi na ni afya kwa pamoja, na uliwezekana kwa sababu kulikuwa na waganga wafawidhi waliokuwa na takwimu za mahitaji yao. Bila leja za vituo, mshitiri angeletewa orodha ya kubahatisha.

Upo pia mfano wa upande wa pili. Mwaka 2015 serikali ya Kenya iliingia mikataba ya kukodi vifaa vya kisasa, mashine za dialisisi, eksirei na vyumba vya upasuaji, kwa hospitali 98 katika kaunti zote. Mahali pengine vilisaidia sana. Mgonjwa wa figo aliyekuwa anasafiri hadi Nairobi akapata huduma karibu na kwao. Kwingine vilikaa. Kamati maalumu ya Seneti ilipochunguza mpango huo, ilikuta mashine ambazo hazikutumika kwa kukosa wataalamu wa kuziendesha, umeme wa kutosha au maji, huku kaunti zikiendelea kulipia. Maswali yaliyokosekana si ya kitaalamu sana. Nani ataiendesha? Umeme ukikatika? Maji yanatoka wapi? Mganga mfawidhi yeyote angeyauliza siku ya kwanza. Gharama ya kutomshirikisha hulipwa na mwananchi.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya mtu aliyepitia kituoni kabla ya kuwa mshauri. Anasikia swali lililokosekana. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa inatibu fistula bure, na bado wanawake wengi hawakufika. Kikwazo kilikuwa nauli. Mwaka 2009 hospitali ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mawakala vijijini, nao wakamkatia mama tiketi na kumpandisha basi. Aliyekaa ofisini Dar es Salaam angeweza kuongeza vitanda mwaka hadi mwaka bila kumpata mama huyo.

Kuhusu kuianzisha kazi yenyewe ya ushauri nitapita haraka, kwa sababu taratibu zinajulikana. Sajili kampuni au jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, pata namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, na uwe umelipia usajili wako wa baraza la taaluma, kwa maana mteja wa afya atauliza. Tanzania, mteja akikulipa ada ya huduma atazuia asilimia 5 ya kodi. Dai cheti cha zuio, kitakusaidia mwisho wa mwaka. Soma hadidu za rejea hadi neno la mwisho kabla ya kuandika andiko. Weka bei kwa siku za kazi na uandike wazi kila kitakachowasilishwa, kwa sababu kazi za ushauri zina tabia ya kukua bila malipo kukua. Omba malipo ya awali. Wengi waliofunga kampuni zao walikuwa na kazi nzuri na wateja wazuri. Walishindwa kusubiri siku 90 za malipo huku wakidaiwa kodi ya ofisi.

Nisipite haraka kwenye mgongano wa maslahi. Mtumishi wa umma anayemshauri mzabuni wa halmashauri yake mwenyewe, hata kwa jina la mkewe au shemeji yake, anaharibu zaidi ya ajira yake. Anaharibu imani ya wenzake wote wanaotaka kufuata njia hii kwa uaminifu. Ukiwa bado umeajiriwa, fanya ushauri nje ya mkoa wako wa kazi, kwa kibali cha maandishi cha mwajiri, au usiufanye. Na ukiwa mshauri, usiuze dawa wala vifaa kwa hospitali unayoishauri ivinunue. Najua shinikizo lililopo, najua kamisheni inavyonong'onezwa. Kataa, kwa sababu upande wa pili wa kamisheni hiyo kuna mgonjwa.

Soko lenyewe limebadilika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia katikati ya mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Washauri wengi wa afya wa Afrika Mashariki walikuwa wanaishi kwa kandarasi za miradi hiyo, na wenye mteja mmoja waliumia kuliko wengine. Kazi haijaisha. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, Kenya ikaanzisha Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya mfuko wake wa bima, NHIF, mwaka 2024, na kila mfuko wa bima unahitaji hospitali zinazojua kudai kwa usahihi, kupima gharama ya huduma zao na kuandika taarifa zinazoaminika. Hospitali za makanisa na za taasisi za Kiislamu, vituo binafsi, halmashauri zenyewe: hawa ndio wateja wa miaka ijayo. Hawalipi kama wafadhili walivyolipa. Wanahitaji mtu anayekaa nao wiki moja badala ya siku moja, anayeweza kuwafundisha watu wao wakabaki wanaweza, na anayetoza bei wanayoimudu. Mshauri aliyezoea hoteli na posho za kigeni atapata tabu. Aliyewahi kuwa mganga mfawidhi atajisikia nyumbani.

Nina ombi moja kwa kila atakayeshika kazi hii. Ripoti nyingi za ushauri wa afya katika nchi zetu zinaandikwa kwa Kiingereza, kurasa 80 au 100, zinawasilishwa kwenye ukumbi wa mkutano, na mjumbe wa kamati ya kituo ambaye ndiye ataidhinisha matumizi hapati hata ukurasa mmoja. Muuguzi wa zamu hajui kama kituo chake kiliandikwa. Mteja akidai Kiingereza, mpe Kiingereza. Kisha andika kurasa nne kwa Kiswahili: kilichoonekana, kitakachofanywa, jina la atakayefanya, tarehe na gharama. Zipeleke mwenyewe, zikae ofisini kwa mganga mfawidhi, na nakala nyingine umkabidhi mwenyekiti wa kamati mkononi.